Ngazi ya 5, ya 11 na ya 17: Mwongozo wa Kupanga Mhusika Asiyeachwa Nyuma

Goblini wanane wamejazana kwenye mdomo wa pango. Mpiganaji wa ngazi ya 5 anawavamia na upanga wake wa mikono miwili, anapiga mara mbili, na akibahatika wawili wanalala. Zamu inayofuata ni ya mchawi wa ngazi hiyohiyo. Anarusha tufe la moto: dadu nane za pande sita, wastani wa pointi 28 za madhara kwa kila aliyesimama ndani ya futi 20, yaani mita 6 hivi, kutoka pale lilipolipukia. Goblini wa kanuni za 2014 ana pointi 7 tu za uhai, na hata akifaulu kukwepa anakula nusu. Sita waliobaki wamekwisha kwa mkupuo. Mpiganaji anaitazama karatasi yake na kujiuliza kama alichagua fani isiyofaa.

Malalamiko hayo ni ya zamani. Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilichapishwa Marekani mwaka 1974 ikiwa na fani tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Utaratibu wa mezani haujabadilika sana tangu hapo. Kila mchezaji anamwongoza mhusika mmoja, na msimamizi anaendesha mengine yote, kuanzia mwenye mgahawa hadi joka. Mhusika hupanda ngazi kadiri anavyojikusanyia uzoefu. Katika toleo la tano, lililotoka 2014 na kurekebishwa 2024, ngazi ni 20 kwa fani zote. Kinachoongezeka katika kila ngazi ndicho kinachotofautiana: wenye silaha huongezewa hesabu, wachawi huongezewa mambo mapya ya kufanya. Mchezaji anayelijua hilo mapema hupanga mhusika wake kwa utulivu zaidi.

Uliza kampeni itaishia wapi

Kabla ya kuchagua fani, muulize msimamizi anakusudia kufika ngazi ya ngapi. Hadithi zilizochapishwa hutofautiana sana. Lost Mine of Phandelver, iliyouzwa na sanduku la wanaoanza mwaka 2014, huishia karibu na ngazi ya 5. Curse of Strahd ya 2016 huanza ngazi ya 1 na kwenda hadi ya 10. Dungeon of the Mad Mage ya 2018 huanza ya 5 na kufika 20.

Jibu la msimamizi hubadili thamani ya kila unachokisoma kitabuni. Uwezo wa ngazi ya 18 hauna kazi kwa mhusika atakayestaafu akiwa ngazi ya 10. Kinyume chake, mhusika anayetesa ngazi ya 3 anaweza kuwa amebakiwa na machache kufikia ya 13. Chora mstari mahali kampeni itakapoishia, kisha usipange chochote kinachotegemea ngazi zilizo juu ya mstari huo.

Ngazi tatu za kusomwa kwanza

Jedwali la kila fani lina mistari 20. Anza na mitatu: ya 5, ya 11 na ya 17. Kwa kanuni za 2014 mhusika hufika ngazi ya 5 akiwa na pointi 6,500 za uzoefu, ya 11 akiwa na 85,000 na ya 17 akiwa na 225,000. Hapo ndipo fani nyingi huruka.

Katika ngazi ya 5 wapiganaji, paladini, barbari, watawa na walinzi wa porini hupata pigo la pili katika zamu moja, na wachawi hupata uchawi wa daraja la tatu. Katika ngazi ya 11 mpiganaji hupata pigo la tatu, na mchawi hufungua daraja la sita. Ya 17 ni ya daraja la tisa, la juu kuliko yote. Hata uchawi mdogo usiohesabiwa hufuata ratiba hiyo: mshale wa moto huanza na dadu moja ya pande kumi, ukawa na mbili katika ngazi ya 5, tatu katika ya 11 na nne katika ya 17.

Nyongeza ya umahiri, inayojumlishwa na dadu ya pande 20 kila mhusika anapofanya jambo alilolisomea, hupanda polepole na kwa usawa: +2 mwanzoni, +3 katika ngazi ya 5, +4 katika ya 9, +5 katika ya 13 na +6 katika ya 17. Mpiganaji anayeanza na nguvu za +3 ana jumla ya +5 ya kulenga. Kiwango cha kinga cha goblini ni 15, hivyo anahitaji 10 au zaidi, na uwezekano wake ni asilimia 55. Mpiganaji huyo akifika ngazi ya 20 ana +11. Akikutana na joka jekundu kongwe, lenye kinga ya 22, anahitaji 11, na uwezekano ni asilimia 50. Miaka yote hiyo ya kucheza, na kulenga kwake ni kulekule.

Watunzi walikusudia iwe hivyo, ili goblini wengi waendelee kuwa hatari hata kwa shujaa mzoefu. Kwa hiyo usitafute ukuaji kwenye namba ya kulenga. Tazama unapiga mara ngapi, kila pigo lina uzito gani, na unaweza kufanya nini ambacho ngazi iliyopita hukuweza.

Wenye silaha: hesabu zinapanda

Mpiganaji ndiye rahisi kuhesabu. Ana pigo moja, kisha mawili katika ngazi ya 5, matatu katika ya 11 na manne katika ya 20. Tangu ngazi ya 2 anaweza kujipa kitendo cha ziada mara moja kabla ya kupumzika, na katika ya 17 mara mbili. Nafasi zake za kuongeza sifa au kuchukua kipaji ni 7, wakati fani nyingi zina 5. Barbari, paladini na mtawa hawapati pigo la tatu kwa njia hiyo, kwa hiyo kila mmoja anakua kivyake. Hasira ya barbari humwongezea madhara ya +2, +3 kuanzia ngazi ya 9 na +4 kuanzia ya 16. Katika ya 11 mapigo ya paladini huanza kubeba dadu ya ziada ya pande nane kila yanapopata. Ngumi za mtawa hubadilishiwa dadu, na mwaka 2024 dadu hizo zilikuzwa: pande sita mwanzoni hadi 12 katika ngazi ya 17, badala ya pande nne hadi kumi za awali.

Mjanja ni wa haba na haba. Shambulio lake la kuvizia huanza na dadu moja ya pande sita na kuongezwa moja kila baada ya ngazi mbili, hadi 10 katika ngazi ya 19, wastani wa pointi 35. Tatizo ni kwamba zote ziko kwenye pigo moja. Akikosa, zamu yake imepotea. Anayemcheza mjanja hadi ngazi za juu ajiwekee njia ya kupata nafasi ya pili: silaha ndogo katika mkono wa pili, au maficho yatakayompa haki ya kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo bora. Nje ya vita anatisha. Kipaji cha kutegemewa, cha ngazi ya 11 katika kanuni za 2014 na ya 7 katika za 2024, hufanya dadu yoyote ya chini ya 10 ihesabiwe kuwa 10 katika ujuzi aliobobea. Kufuli za kawaida haziwi kikwazo tena.

Wachawi: jambo jipya kila ngazi ya pili

Mchawi wa ngazi ya 1 ana nafasi 2 za uchawi kwa siku na pointi 8 hivi za uhai. Goblini wawili wenye bahati wanamlaza. Katika ngazi ya 5 ana nafasi 9, na 2 kati yake ni za daraja la tatu. Akipumzika kidogo hurudishiwa moja ya hizo, kwa hiyo tufe la moto lililofagia pango lina matumizi matatu kwa siku. Na tufe hilo lilipendelewa: mwongozo wa msimamizi wa 2014 unashauri dadu sita kwa uchawi wa daraja la tatu unaopiga wengi, lakini lenyewe lilipewa nane. Mpiganaji aliyevunjika moyo pangoni alikuwa anajilinganisha na kilele.

Baada ya hapo nafasi haziongezeki kwa kasi: 16 katika ngazi ya 11, na 22 katika ya 20. Kinachopanda ni daraja. Kuruka angani huja na daraja la tatu, katika ngazi ya 5. Kumgeuza adui kuwa konokono huja na la nne, katika ya 7. Kusafiri mara moja hadi mji wa mbali huja na la saba, katika ya 13. Katika ya 17 huja uchawi uitwao Matakwa, unaoweza kuiga uchawi wowote wa daraja la nane kwenda chini bila gharama. Akiutumia kuomba kitu kingine, ana hatari ya asilimia 33 ya kutoweza kuutumia tena maishani.

Hapo ndipo pengo la kweli linapoonekana. Pigo la tatu la upanga humsaidia mpiganaji kufanya haraka zaidi jambo alilokuwa akilifanya tangu ngazi ya 1. Mchawi wa ngazi ya 13 huamua kama safari ya wiki tatu itakuwapo au haitakuwapo.

Kuna breki mbili ambazo mchezaji wa mchawi lazima aziheshimu. Kwanza, uchawi mwingi wa kudumu hudai umakini, na umakini ni kwa uchawi mmoja kwa wakati. Akipigwa, hurusha dadu kuona kama umemponyoka. Pili, nafasi ya daraja la tisa ni moja tu kwa siku, hata katika ngazi ya 20. Chagua uchawi wako kwa mafungu: mmoja wa kushikilia kwa umakini, mmoja wa madhara, mmoja wa kutoroka. Mchawi mwenye uchawi sita wa kushikilia ana watano wanaokaa bure.

Mchawi wa mkataba, aliyepewa nguvu na bwana wa ulimwengu mwingine, hufuata njia ya katikati. Nafasi zake ni 2 kuanzia ngazi ya 2, 3 katika ya 11 na 4 katika ya 17, ila zote hurudi baada ya mapumziko ya saa moja, na kuanzia ya 9 zote ni za daraja la tano. Miali anayorusha huongezeka kama mapigo ya mpiganaji: miwili katika ngazi ya 5, mitatu katika ya 11, minne katika ya 17. Ukimchagua, hakikisha kundi lako lina desturi ya kupumzika katikati ya siku.

Pengo lilikotoka

Matoleo ya zamani yaliijua tofauti hii na kuitoza ushuru. Katika toleo la pili, la 1989, mjanja alihitaji pointi 1,250 kufika ngazi ya 2, mpiganaji 2,000 na mchawi 2,500, na mchawi alianza na dadu ya pande nne tu ya uhai. Toleo la tatu, la 2000, liliziweka fani zote kwenye jedwali moja la uzoefu. Wakati huohuo nguvu ya tufe la moto ilifuata ngazi ya mrushaji, dadu moja kwa kila ngazi hadi kumi, huku nafasi zenyewe zikiongezeka. Mambo mawili yalikua pamoja na kuzidishana. Toleo la nne, la 2008, lilijaribu dawa kali: fani zote zikapewa mbinu za aina moja, za kila zamu, za kila pambano na za kila siku. Wachezaji wengi waliona fani zimefanana mno.

Toleo la tano lilikata kati. Tufe la moto la mchawi wa ngazi ya 20 lina dadu nane zilezile, isipokuwa alirushe kwa nafasi ya daraja la juu zaidi. Pathfinder, mchezo wa kampuni ya Paizo, ulishika njia nyingine katika toleo lake la pili la 2019: ngazi ya mhusika hujumlishwa kwenye karibu kila dadu anayorusha kwa jambo alilofunzwa. Goblini wa kawaida hana lake mbele ya shujaa wa ngazi ya 10. Ukihama kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, usibebe mazoea ya hesabu.

Usisahau kujinusuru

Wengi hupanga mashambulizi na kusahau ulinzi dhidi ya uchawi, sumu na hofu, ambao hutegemea dadu ya kujinusuru. Kila fani huanza na umahiri katika aina mbili tu kati ya sita. Mpiganaji ana za nguvu na ustahimilivu. Ya busara, inayozuia hofu na kutawaliwa akili, hubaki ilivyokuwa ngazi ya 1.

Tazama hesabu. Mpiganaji mwenye busara ya 10 hana nyongeza yoyote. Mchawi anayeanza humtaka apate 13, na ana asilimia 40 ya kufaulu. Joka jekundu pevu katika kanuni za 2014 humtia hofu asipofikisha 19, na uwezekano wake wa kufaulu ni asilimia 10. Joka kongwe hudai 21, namba ambayo dadu ya pande 20 haina. Aliyeshikwa na hofu hawezi kulisogelea joka, na akilirushia mshale kutoka alipo hulenga kwa shida. Mapigo yake matatu yamezimwa kabla hajaufuta upanga.

Kuna dawa tatu. Tumia nafasi moja ya kipaji, kabla ya ngazi ya 12, kununua umahiri wa kujinusuru kwa busara. Simama karibu na paladini: kuanzia ngazi ya 6 huwaongezea wenzake walio ndani ya futi 10 nyongeza yake ya haiba, na kama ni +5, ile asilimia 10 inakuwa 35. Na kama unacheza kanuni za 2024, kumbuka kwamba mpiganaji wa ngazi ya 9 anaweza kurudia dadu aliyoshindwa huku akijumlisha ngazi zake zote za upiganaji.

Kuchanganya fani kwa hesabu

Kanuni huruhusu mhusika kuchukua ngazi kutoka fani zaidi ya moja, akiwa na angalau 13 katika sifa kuu za fani hizo. Nyongeza ya umahiri na uchawi mdogo hufuata jumla ya ngazi zote, hivyo hapo hupotezi kitu. Mapigo ya ziada hayajumlishwi: pigo la pili la mpiganaji na pigo la pili la paladini ni hilohilo moja.

Hasara kubwa huwa kwenye ratiba. Mpiganaji wa ngazi ya 4 akichukua ngazi moja ya mjanja anapata dadu moja ya kuvizia, wastani wa 3.5, na anachelewesha pigo zima la upanga ambalo kwa nguvu za +4 lina wastani wa 11. Ngoja ngazi ya 5 ipite kwanza. Mchawi anayeanza na ngazi moja ya mpiganaji hupata deraya nzuri, lakini tufe la moto litamfikia katika ngazi ya 6. Mwenye ngazi 5 za mchawi na 5 za kasisi ana nafasi za mrushaji wa ngazi ya 10, hadi daraja la tano, ila hajui uchawi wowote ulio juu ya daraja la tatu wa kuzijaza. Hubaki kurusha uchawi mdogo kwa nafasi kubwa.

Kwa anayekaa kiti cha msimamizi

Kanuni za 2014 zilikisia mapambano sita hadi manane ya wastani au magumu kati ya usingizi mmoja na mwingine. Meza nyingi hucheza moja au mawili, kisha watu wanalala. Katika siku ya pambano moja, mchawi humwaga nafasi zake zote kubwa na mpiganaji huonekana mzigo. Ongeza mapambano, au fanya kulala kuwe na gharama: mateka anahamishwa usiku, daraja la mto linabomolewa alfajiri. Kufikia pambano la tano mapigo ya mpiganaji ni yaleyale, na mchawi anahesabu vilivyobaki.

Weka pia adui asiyeanguka kwa uchawi mmoja. Joka jekundu pevu lina pointi 256 za uhai, halidhuriki kabisa na moto, na mara tatu kwa siku linaweza kuamua kwamba limefaulu kujinusuru hata kama dadu imekataa. Mpiganaji wa ngazi ya 11 mwenye +9 ya kulenga na upanga wa wastani wa 12 hulipunguzia takriban pointi 20 kwa zamu, na karibu 40 akitumia kitendo cha ziada, mradi hofu haijamshika. Hapo mchawi hufanya kazi nzuri zaidi akimpa mwenzake mbawa za kulifikia.

Nusu karatasi kabla ya kucheza

Andika mambo matano. La kwanza, ngazi ambayo kampeni itaishia. La pili, zamu yako ya kawaida itakavyokuwa katika ngazi ya 5, ya 11 na ya 17, sentensi moja kwa kila moja. La tatu, aina ya kujinusuru iliyo dhaifu kuliko zote na ngazi utakayoitibu. La nne, nguvu zako zipi hurudi kwa mapumziko mafupi na zipi hungoja usingizi. La tano, jambo moja ambalo hakuna mwingine mezani anayeliweza.

Kisha jaribu hesabu zako. Kanuni za msingi za toleo la tano, zinazojulikana kama SRD 5.1, ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023 na hupakuliwa bure. Fani zote 12 zimo, goblini wamo, na joka jekundu pevu limo. Jenga mhusika wako wa ngazi ya 11 pamoja na wa mwenzako, wakabidhini joka hilo kwa raundi tatu, na mrekebishe vipaji vyenu kabla ya kikao cha kwanza.